Gari lile lilikuwa na maji

Ndugu msomaji, wale walionisikiliza redioni Jumapili iliyopita watakumbuka kwamba nilianza mazungumzo yangu kwa kuomba radhi. Baadhi walinipigia simu kuuliza nimemkosea nani. Wengine, ambao walifungua redio zao mazungumzo yakiwa yamekwisha kuanza, walidhani nimefukuzwa kazi nami naaga. Kwa hiyo nimeona ni vyema leo niyaweke mazungumzo hayo gazetini karibu kama nilivyoyasoma, pamoja na mambo machache ambayo muda wa kipindi haukuyatosha.

Siku chache kabla ya hapo nilialikwa kwenye chakula cha jioni kilichoandaliwa na klabu moja ya huduma kwa jamii hapa Dar es Salaam. Shughuli ilikuwa ya kuwapongeza kwa ushujaa askari wanne wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilikwenda kama tunavyokwenda waandishi kwenye shughuli za namna hiyo, yaani nikiwa na kinasa sauti mfukoni na matumaini kwamba hotuba zitakuwa fupi. Hazikuwa fupi. Hatimaye askari wakaitwa mbele mmoja mmoja. Kila mmoja alisomewa sentensi mbili tatu, akakabidhiwa ngao na cheti, akapiga saluti, picha ikapigwa. Wa tatu alikuwa sajini mmoja wa makamo, mrefu, mwenye kovu la kuungua ukingoni mwa sikio la kushoto. Msomaji alisema kwamba sajini huyo aliingia mara mbili katika nyumba iliyokuwa ikiungua na kumtoa mtoto. Makofi. Akaitwa wa nne.

Baada ya chakula nilimfuata sajini yule ili nimrekodi. Kabla sijamaliza kujitambulisha akatabasamu.

"Nakufahamu, ndugu mtangazaji," alisema. "Sauti yako naijua siku nyingi. Wewe ndiye uliyetangaza kwamba gari letu lilifika bila maji."

Nilitaka kukana, maana kweli sikumkumbuka. Aliponitajia mtaa, nikakumbuka yote. Wakati ule nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini tangu nitoke chuoni na stashahada yangu, na zimamoto ilikuwa bado chini ya halmashauri za miji, kabla ya Sheria ya mwaka 2007 kuiunda kuwa jeshi moja la taifa. Nyumba ya kupanga iliungua mchana, vyumba vitatu vikateketea. Nilifika kwa daladala moto ukiwa umekwisha. Nikawahoji vijana wawili na mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akilia, mali yake yote ikiwa ni ile ndoo. Wote watatu waliniambia jambo moja: gari la zimamoto limekuja halina maji. Nikarudi mbio studio, na jioni ile nchi nzima ikasikia kwa sauti yangu kwamba gari la zimamoto lilifika bila maji. Askari wenyewe walikuwa palepale wakikunja mipira yao, hatua kama thelathini kutoka nilipokuwa nimesimama. Sikuwauliza neno. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini hawakusema kwamba anaweza pia kupewa kipaza sauti.

"Kesho yake," sajini aliendelea, wala hakuwa na hasira, "binti yangu alirudi kutoka shule analia. Wenzake walikuwa wanamwita Bila Maji. Jina lile lilimkaa mpaka alipomaliza darasa la saba."

Nikamuuliza, afande, mbona hamkuja kusahihisha? Akasema, "Kuja kwa nani? Baada ya pale, tukiitwa mahali tunapokelewa kwa mawe. Ningeacha kuzima moto nije kugombana na redio?"

Kisha akavuta jagi la maji lililokuwa mezani, akanieleza. Nami nawaeleza kama alivyonieleza, kwa kuwa naamini wengi wetu katika mji huu tunadhani gari la zimamoto ni bomba lenye magurudumu.

Gari la zimamoto ni tangi. Chukua gari la lita 5,000. Ni maji mengi, tani 5 nzima, ndoo kubwa 250. Sasa mpira mmoja wa kuzimia moto unaweza kutoa lita 500 kwa dakika moja, yaani ndoo 25 kila dakika. Piga hesabu mwenyewe: mpira mmoja unalimaliza tangi hilo kwa dakika 10, na mipira miwili kwa dakika 5. Moto wa vyumba vitatu vyenye magodoro na makabati hauzimiki kwa dakika 5. Kwa hiyo gari likishamwaga maji yake, ama liunganishwe na bomba la barabarani, ama lije gari jingine la kulijaza, ama liondoke likatafute maji. Mwananchi aliyefika wakati gari linaondoka ataona nini? Ataona gari la zimamoto linaukimbia moto. Atasema halina maji, naye atakuwa anasema kweli ya dakika ile. Siku ile, sajini aliniambia, gari lao lilifika limejaa. Walimwaga tangi zima wakauzuia moto usivuke kwenda kwenye nyumba ya pili. Wakatafuta bomba la zimamoto la mtaa ule, ambalo kwenye ramani yao lilikuwepo. Juu yake palikuwa pamejengwa kibanda cha zege.

Mabomba hayo ndiyo moyo wa habari yenyewe. Mengine husimama kando ya barabara kama kijana mfupi aliyevaa kofia, mengine yamo ardhini chini ya kifuniko cha chuma. Mengi yamefunikwa na lami, vifusi, makontena, meza za biashara, na maegesho ya magari. Mtu anayefunika hakusudii ubaya. Kwake ni chuma tu kisicho na mwenyewe. Ila siku moto ukiwaka, askari hawana muda wa kuchimba.

Nilimuuliza pia kuhusu lile ambalo nadhani kila mkazi wa mji amewahi kuliona na kukasirika: askari wamefika, wamevaa, wamesimama, na nyumba inaungua. Akasema mara nyingi wanasubiri umeme ukatwe. Maji ya bomba hupitisha umeme, na askari aliyeshika mpira akielekeza maji kwenye nyaya zenye moto wa umeme anaweza kuwa maiti ya kwanza ya siku hiyo. Kwenye petroli nako maji ni adui, kwa sababu mafuta huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka yakitiririka nayo; hapo linatakiwa povu. Na pale wanapotusukuma nyuma kwa ukali, wanajua wanachokikumbuka. Watu zaidi ya 100 walikufa Msamvu, Morogoro, baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka tarehe 10 Agosti 2019, na wengi wao walikuwa wamelisogelea kuchota.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi moja ya kwenye cheti: aliingia mara mbili akamtoa mtoto. Mimi niliyekuwa nimekaa kitini niliisikia kama mtu anavyosikia kwamba fulani alikwenda dukani mara mbili. Nilimwomba anieleze kuingia ni nini.

Kwanza, ndani hakuna mwanga. Sinema zimetudanganya, nyumba inayoungua ndani yake ni giza tupu, kwa sababu ya moshi. Moshi huo una gesi ileile ya sumu inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, na watu wengi wanaokufa kwa moto huuawa na moshi kabla moto haujawagusa. Askari huingia wawili wawili, wanatambaa, maana hewa iliyo afadhali na joto lililo dogo viko chini karibu na sakafu. Mkono mmoja hauachi ukuta. Mgongoni wamebeba mtungi, ambao sisi waandishi hupenda kuuita wa oksijeni. Si oksijeni. Ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, na mtungi ulioandikiwa nusu saa humalizika mapema zaidi kwa mtu anayehema kwa kazi nzito na hofu.

Juu ya vichwa vyao, chini ya dari, joto linajikusanya. Moshi wenyewe ni kuni ambazo bado hazijawaka. Joto la darini likifika kiasi cha nyuzi 600 za Sentigredi, kila kitu chumbani, kuanzia pazia hadi zulia, hushika moto kwa mkupuo mmoja. Hapo hata aliyevaa mavazi kamili ya zimamoto anahesabu sekunde. Zamani askari walikuwa na muda kidogo. Taasisi ya UL ya Marekani, inayopima usalama wa vifaa, iliwahi kuchoma vyumba viwili kwa majaribio. Kimoja kilikuwa na fanicha za zamani za mbao, pamba na sufi, na kingine fanicha za kisasa za sponji na plastiki. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa kufikia hatua hiyo ya kuwaka chote. Cha kisasa kilichukua chini ya dakika 5. Ndugu msomaji, tazama godoro lako na makochi yako, halafu ufikirie foleni ya jioni. Gari la zimamoto linapiga king'ora, nasi wenye magari tunapisha kwa shingo upande, na bodaboda wanalifuata nyuma wakishukuru kwa kufunguliwa njia.

Mara ya kwanza sajini na mwenzake waliingia chumba walichoelekezwa na majirani. Walipapasa kitanda, hakuna mtu. Mtungi wa mwenzake ukaanza kulia kuashiria hewa inakwisha, wakatoka. Wakabadilisha mitungi. Kiongozi wao akawaambia wana nafasi ya mwisho moja. Njiani kurudi ndani sajini alimkumbuka binti yake, yule wa Bila Maji, ambaye alipokuwa mdogo na radi ikipiga alikuwa akijificha uvunguni. Watoto hufanya hivyo hata kwa moto. Hawakimbilii mlangoni, hujificha. Safari hii hakupapasa juu ya kitanda. Alipitisha mkono chini, akashika mguu.

Kovu la sikio alilipata wakati wa kutoka, wala si kwa ndimi za moto. Wenzake walimwaga maji kuwafungulia njia, na maji yakigeuka mvuke huongezeka ukubwa wake kiasi cha mara 1,700. Mvuke huo ukapenya pale kofia ilipokuwa imesogea. Walifuata mpira wao kwa mikono kurudi mlangoni, kama kipofu anavyofuata kamba.

Yote hayo kwenye cheti hayakuwemo.

Sasa niseme juu ya klabu hizi zenyewe, maana nimepata maswali. Klabu za huduma ni vyama vya watu wa biashara, wataalamu na wastaafu wanaokutana mara kwa mara, kwa kawaida wakati wa mlo, na kuchangishana fedha na muda kwa ajili ya jamii. Rotary ilianzishwa mjini Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris, na Lions ikafuata katika mji huohuo mwaka 1917. Ya kwanza ya Rotary katika Afrika Mashariki iliundwa Nairobi mwaka 1930. Wengi wetu tunazijua kwa vita dhidi ya polio na kwa kambi za macho. Huko Marekani, klabu za aina hii katika miji midogo zina desturi ya kumpongeza zimamoto wao kila mwaka, na desturi hiyo ina sababu yake. Karibu theluthi mbili ya wazima moto wa nchi ile ni watu wa kujitolea. Anayekuuzia misumari asubuhi ndiye anayekuja na ngazi usiku. Klabu inapompa ngao, inampa jirani anayekaa nao mezani.

Kwetu zimamoto ni askari wa serikali anayelipwa mshahara, na wapo wanaouliza kwa nini mtu apongezwe kwa kazi aliyoajiriwa. Wapo pia wanaosema klabu hizi ni za matajiri wanaotafuta picha. Nimehudhuria shughuli za kutosha kujua kwamba picha hutafutwa kweli. Hata hivyo siafikiani nao. Afande hupewa nishani na wakubwa wake, hilo ni la jeshi. Kusimama mbele ya raia, wenye maduka na maghala na nyumba za kupangisha, nao wakasimama kumpigia makofi, ni jambo jingine kwa mtu ambaye raia hao hao wamezoea kumtupia mawe. Sajini aliniambia ile ngao ataiweka sebuleni, upande ambao binti yake, sasa mama wa watoto wawili, hukaa akija kumtembelea.

Na ziko heshima zinazokwenda mbele zaidi ya ngao. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi wa mitumbwi ndio waliotangulia kufika. Watu 19 walipoteza maisha, 24 wakanusurika. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alipongezwa hadharani, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aandikishwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ili apate mafunzo. Naipenda heshima ya namna hiyo. Inakiri kwamba ushujaa peke yake, bila ufundi na vifaa, humpeleka mtu majini mara moja tu.

Usiku ule niliporudi nyumbani sikupata usingizi, nikaanza kusoma habari za Chicago, mji huo uliozaa klabu hizi. Miaka 34 kabla Rotary haijaanzishwa, Oktoba 1871, moto uliuteketeza sehemu kubwa ya mji ule. Watu wapatao 300 walikufa na kiasi cha 100,000 wakakosa makazi. Wazima moto wake walikuwa hoi kwa moto mkubwa wa usiku uliotangulia. Mlinzi wa mnara alikosea kukadiria moto ulipo, magari yakapelekwa kwingine kwanza. Kisha paa la kituo cha kusukuma maji cha mji likaungua, mitambo ikasimama, na mabomba ya barabarani yakakauka. Nao pia waliachwa na mipira mikononi bila maji.

Lakini kilichonikosesha usingizi kabisa ni habari ya mwanamke mmoja, Catherine O'Leary, ambaye moto ulianzia kwenye banda lake. Magazeti yaliandika kwamba ng'ombe wake alipiga taa teke. Miaka mingi baadaye mwandishi mmoja wa habari alikiri kwamba kile kisa cha ng'ombe kilitungwa kwa kuwa kilinogesha habari. Baraza la mji lilimsafisha rasmi mama huyo mwaka 1997. Alikuwa amekufa tangu 1895.

Mimi nimepata bahati ya kumkosea mtu ambaye bado yu hai. Kwa hiyo nilisema redioni, na sasa naandika: gari lile lilifika likiwa na maji, likayamwaga yote, na nyumba ya pili ikapona. Niliyetangaza vinginevyo ni mimi, sikuuliza.

Nisisahau jambo moja la usiku ule. Mweka hazina wa klabu alitufuata pale tulipokaa, akamuuliza sajini klabu iwachangie nini mwaka ujao, pengine viatu, pengine glovu. Sajini alishukuru, akasema glovu ni nzuri, lakini kama wanachama wangetafuta mabomba ya zimamoto yaliyo mbele ya maduka na maghala yao, wakayafukua na kuyapaka rangi, hilo lisingegharimu hata nusu ya chakula cha jioni ile. Mweka hazina alicheka. Kisha akanyamaza, akauliza kifuniko chenyewe kinafananaje. Alipoelezwa, akajishika kichwa, akasema kuna kontena lake amelikalisha juu ya kitu kama hicho tangu mwaka juzi.

Jumatatu asubuhi nami nikashuka kutafuta la mtaa wangu. Nilitembea barabara nzima mara mbili bila kuliona. Mwishowe nikamuuliza kijana muuza chipsi wa pale kona, ambaye namjua miaka mingi. "Unasema kile kifuniko cha chuma, mzee?" akasema, akainama na kusogeza gunia la mkaa. Kilikuwa chini ya jiko lake. Alikichagua mahali hapo, alinieleza, kwa sababu jiko linakaa sawasawa, haliyumbi. Tumekubaliana atalihamisha Jumamosi, nami nitamsaidia kubeba.